Nani Ashike Daftari la Maduka Yetu?

Wiki hii twataka kusema juu ya jambo ambalo wengine watalidhania kuwa dogo, la makarani na watunza stoo tu, lisilostahili kuchukua ukurasa huu. Nalo ni hesabu ya mali madukani. Tumeona hatuna budi kulisema sasa, kwa kuwa kuna ushirika mmoja wa wananchi, wenye maduka saba na ghala moja katika wilaya moja ya nchi yetu, ambao karibuni utakutana kuamua kama utakodi kwa kampuni ya ng'ambo mfumo wa kompyuta wa kuhesabia mali yake yote kwa njia ya intaneti. Jina la ushirika huo hatutalitaja, maana shauri bado halijakatwa. Baadhi ya wanachama wake wametuandikia wakitaka maoni ya gazeti hili. Wamegawanyika makundi mawili. Kundi moja lasema kompyuta ndiyo dawa ya wizi na uzembe, iletwe upesi. Kundi la pili lasema kompyuta ni mtego wa mabepari, iachwe, na daftari la karatasi liendelee kama tulivyozoea.

Sisi twaona makundi yote mawili yana haki kidogo, na yote mawili yamepotea kidogo. Daftari la karatasi halikutufaa kama watu wanavyokumbuka, na kompyuta peke yake haijapata kumwokoa mwenye duka hata mmoja. Neno kubwa ambalo wanachama hawajaulizana ni hili: daftari likishaingia katika mtandao, litashikwa na nani?

Tuanze na karatasi. Katika ushirika huo huo kulitokea kisa ambacho wanachama wenyewe wametusimulia, nasi twakisimulia hapa kwa ruhusa yao. Mwaka juzi mifuko 40 ya sukari, kila mmoja kilo 50, ilionekana katika leja ya ghala kuwa imetoka, lakini katika leja za maduka haikuonekana kuwa imeingia. Tani mbili za sukari, ndugu, si mchezo. Mtunza stoo wa ghala, mtu mzima mwenye watoto shuleni, akasimamishwa kazi. Mtaani akaitwa mwizi. Mkewe akaacha kwenda kisimani saa ambazo wenzake huenda. Alikaa hivyo miezi mitatu.

Mali ilipohesabiwa mwisho wa mwaka ndipo ukweli ulipojulikana. Sukari ile ilifika katika duka la nne jioni moja ya mvua, meneja akiwa msibani. Keshia akaipokea, akatia sahihi hati ya kupokelea, akaiweka mtoto wa meza, na hati ikalala humo. Sukari ikauzwa yote, na fedha zake zikapelekwa benki pamoja na mauzo mengine. Hakuna aliyekula hata kijiko kimoja. Kilichokuwapo ni madaftari manane yasiyosemezana, kila moja likidai kusema kweli. Yule mzee amerudi kazini, lakini wanachama watuambia siku hizi hamwamini mtu, na kila kipande cha karatasi hukitolea nakala tatu.

Kwa hiyo wale wanaosema karatasi zaendelea kutufaa, tungependa kwanza wakamwulize yeye.

Na jambo hili la nani asome na nani aandike si jipya katika nchi hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa walikuwa wakipeleka pamba yao kwa wanunuzi, mizani ikiwa ya mnunuzi, asomaye uzito ni mnunuzi, aandikaye ni mnunuzi. Walipochoka kupunjwa hawakuanza kwa kujenga kinu, maana fedha hiyo hawakuwa nayo. Waliwaajiri wapimaji wao wenyewe, wakae kando ya mizani na kuusoma uzito kwa macho yao. Katika mapambano hayo vikakua vyama vya msingi, na mwaka 1955 ikasimama Victoria Federation ya vyama vya ushirika chini ya Paul Bomani. Na vijana wasisahau kwamba Bomani, kabla hajaingia katika pamba, alikuwa akikitumikia chama cha ushirika cha wafanya biashara Waafrika wa Mwanza. Yaani alitoka dukani. Alijua maana ya kununua jumla kwa pamoja na kuuza rejareja.

Baada ya uhuru tulijaribu kuyashika maduka, na katika jambo hilo tuseme wazi bila ya kuona haya kwamba tulianguka. Mwaka 1962 iliundwa COSATA, ili maduka ya ushirika yapate bidhaa za jumla bila kupitia mikononi mwa wale waliokuwa wameishika biashara tangu enzi za mkoloni. Haikudumu miaka mingi. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, makampuni makubwa ya kuagiza na kupeleka bidhaa nje yalitwaliwa na taifa, likaundwa Shirika la Biashara la Taifa, yaani STC. Baadaye, mwaka 1973, kazi yake ikagawanywa kwa makampuni ya biashara ya mikoa, RTC. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, iliyotaka maduka ya vijiji yachukue mahali pa maduka ya watu binafsi, nayo ikasimamishwa baada ya muda mfupi kwa sababu bidhaa ziliadimika.

Maadui zetu husimulia habari hizo kwa furaha, wakisema, "Mwafrika hawezi biashara." Huo ni uongo, na jibu lake liko Kariakoo kila siku ya Mungu. Sababu za kuanguka zilikuwa nyingi: mtaji haba, mameneja wachache, bei zilizopangwa mbali na soko. Lakini iko sababu moja ambayo watu huipita haraka, nayo ni kwamba aliyekuwa akiagiza bidhaa Dar es Salaam hakujua kilichobaki Songea wala Kigoma. Habari za masalio zilisafiri kwa karatasi, na karatasi zilikwenda polepole kuliko sukari. Ghala moja likajaa kitu kisichotakiwa huku mkoa wa pili ukikililia. Vitabu vilipofungwa, mali yenyewe ilikuwa imekwisha kuuzwa au imeoza. Hebu fikirini, watu wale walikuwa wakiendesha maduka ya nchi nzima kama mtu anayeendesha lori usiku bila taa.

Sasa taa zipo. Ndiyo maana hatuwezi kuwaunga mkono wale wanaosema iachwe.

Tueleze kwa ufupi jinsi kazi yenyewe inavyokwenda, kwa kuwa wengi waliotuandikia waisema sana bila kuijua. Kila kitu dukani kina namba yake. Keshia akiuza pakiti ya chumvi huipitisha chini ya skana, na saa hiyo hiyo hesabu ya chumvi ya duka lile hupungua kwa moja katika daftari kuu. Daftari hilo halimo katika mashine ya keshia. Limo katika kompyuta kubwa iitwayo seva, ambayo huweza kuwa Dodoma au Dublin, na maduka yote hufikana nayo kwa intaneti. Lori likitoka ghalani, mtunza stoo huandika mifuko 40 imetoka kwenda duka la nne, na mifuko hiyo haihesabiwi kuwa ya mtu mwingine mpaka duka la nne liseme, "Tumepokea." Lisiposema, mfumo hulalamika kila asubuhi. Mzee wetu wa sukari angalisafishwa jina lake siku ya pili kabla ya saa nne.

Kisha kuna kazi ya kuagiza. Tuseme duka moja huuza mifuko 4 ya unga kwa siku, na tangu kuagiza mpaka lori kufika hupita siku 6. Hiyo ni mifuko 24. Barabara ni ya vumbi na mvua hazina ahadi, basi weka akiba ya siku mbili, mifuko 8. Jumla 32. Mfumo huambiwa hivi: unga ukishuka mpaka mifuko 32, agiza. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la tano aiweza. Taabu ni kuifanya kila siku kwa bidhaa elfu mbili katika maduka saba bila kuchoka, na hapo ndipo mashine inapompita binadamu. Vivyo hivyo kwa maziwa na dawa za mifugo: kinachoharibika kwanza hutolewa kwanza, na tarehe huonekana kabla ya harufu.

Ndugu mmoja ametukumbusha kitu kilichotuchekesha. Tangu mwaka 2010 serikali ilipoanza kuleta mashine za EFD, Mamlaka ya Mapato yajua tumeuza kiasi gani. Sisi wenyewe hatujui tumebakiwa na nini!

Tuje kwenye zile namba, maana ndani yake mna siasa. Vile vistari vyeusi juu ya pakiti, vinavyoitwa bakodi, vilibuniwa na Wamarekani wawili, Joseph Woodland na Bernard Silver, waliopata hati ya ubunifu mwaka 1952. Vilianza kazi dukani tarehe 26 Juni 1974 katika mji wa Troy, jimbo la Ohio, na kitu cha kwanza kupitishwa kilikuwa pakiti ya ubani wa kutafuna. Tarakimu tatu za mwanzo huonyesha ni ofisi ya nchi gani iliyotoa namba. Afrika Kusini ni 600 na 601, Kenya ni 616, Tanzania ni 620. Kwa miaka mingi sisi hatukuwa na ofisi yetu. Mtu wa hapa aliyetaka asali yake au kahawa yake iingie katika duka kubwa ilimbidi akaombe namba kwa nchi nyingine. Asali ya nyuki wa Tabora ikasafiri na namba ya ugenini! Mwanzoni mwa miaka ya 2010 ndipo GS1 Tanzania ilipoanzishwa na namba 620 ikaanza kuonekana. (Tusidanganyane hapa: 620 haithibitishi kwamba kitu kimetengenezwa Tanzania, yaonyesha tu namba imetolewa hapa. Wako wajanja wanaolitumia jambo hilo kuwadanganya wanunuzi.)

Twalitaja hili kwa sababu asiye na namba hayumo katika daftari, na asiyemo katika daftari haagizwi. Mashine haimwoni mama mwenye pilipili ya chupa anayesimama mlangoni. Yaona orodha. Na orodha huandikwa na mtu.

Mtu huyo yuko wapi? Tumekwisha kuona mfano kwa macho yetu. Shoprite ya Afrika Kusini iliingia nchini mwaka 2001, na rafu zake zikawa na bidhaa nyingi kutoka Afrika Kusini, hata vitu ambavyo wakulima wetu huvilima. Hatusemi walifanya hivyo kwa chuki. Mtu huagiza kutoka pale anapopajua, kwa orodha aliyo nayo mezani. Mwaka 2014 Shoprite iliondoka, na maduka yake ya Dar es Salaam na Arusha yakachukuliwa na Nakumatt ya Kenya. Watu wengi walishangilia kwamba sasa angalau mwenye duka ni jirani yetu.

Na hapa twawageukia wale wa kundi la kwanza, wanaoiamini kompyuta kama dawa ya mganga. Nakumatt haikukosa kompyuta. Ilikuwa na skana, ilikuwa na seva, ilikuwa na kadi za wateja zenye kuwahesabia pointi. Hata hivyo mwaka 2017 rafu zake zilikuwa tupu, wenye kuleta bidhaa wakikataa kuleta zaidi kwa sababu walikuwa hawajalipwa. Januari 2018 ikawekwa chini ya msimamizi wa mahakama, ikiwa na madeni ya zaidi ya shilingi bilioni 30 za Kenya, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ifungwe. Uchumi nayo, iliyoanzishwa na mashirika ya serikali ya Kenya katika miaka ya 1970, ilifunga maduka yake ya Tanzania na Uganda mwaka 2015. Katika misiba hiyo waliolia zaidi hawakuwa matajiri. Walikuwa wenye kuleta mboga, mikate, mayai na sabuni, ambao mali yao ilikuwa imepokewa, imeandikwa, imeuzwa, na fedha zake hazikurudi. Mashine ilijua kila kitu. Wao hawakujua lolote, kwa sababu hawakuruhusiwa kulitazama daftari.

Jambo hili laweza kupangwa kwa njia nyingine. Walmart ya Marekani, ambayo si rafiki wa wafanyakazi na hatuisifu kwa hilo, ilifungua mwaka 1991 mfumo iliouita Retail Link, ambao kwa huo mwenye kuleta bidhaa huweza kuona mwenyewe ni vitu vyake vingapi vimeuzwa na vingapi vimebaki katika kila duka. Walifanya hivyo kwa faida yao, ili kazi ya kufuatilia rafu wamtwike yeye. Lakini ikiwa bepari huweza kumfungulia mwenzake daftari kwa ajili ya faida, ushirika wetu utashindwaje kumfungulia mama wa pilipili kwa ajili ya haki? Atazame katika simu yake ya mkononi, aone chupa zake 12 zimebaki duka la pili, na fedha za chupa 60 zilizouzwa zatakiwa kulipwa Ijumaa.

Sasa tuitazame ile kampuni ya ng'ambo. Tumeonyeshwa mkataba, nasi tumeusoma mara mbili. Malipo ni ya kila mwezi, kwa kila duka na kwa kila mtumiaji, nayo ni kwa dola. Mwaka 2025 nchi yetu ilipiga marufuku kutoza kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, lakini kampuni hii haiko ndani ya nchi. Shilingi ikishuka, kodi yapanda, hata kama duka halikuuza zaidi. Mkataba umeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, na skrini zote ni za Kiingereza, ilhali keshia na mtunza stoo wa maduka saba husoma na kuandika Kiswahili. Mashauri yakitokea yataamuliwa katika mahakama za nchi yao. Na katika kifungu kimoja kirefu, kilichofichwa katikati kama jiwe katika mchele, yasemwa kwamba ushirika ukiacha kulipa, hesabu zake zitahifadhiwa siku 30 tu kisha zitafutwa.

Someni tena hapo, ndugu. Hesabu za mali yenu wenyewe, ya miaka yote, zafutwa kwa siku 30. Huyu hajawauzia daftari. Amewakodishia macho.

Watu watatuambia kuna sheria. Ni kweli, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imekwisha kuanza kazi, nasi twaiunga mkono. Lakini sheria hiyo yalinda habari za watu, majina yao na simu zao. Idadi ya magunia, bei uliyonunulia, jina la kijiji unakotoa maharage kwa bei nafuu, hizo ni siri za biashara yako, na mlinzi wake wa kwanza ni mkataba ulioutia sahihi. Mwenye kuona hesabu za maduka elfu ya nchi hii ajua kabla yetu wapi mchele utaadimika mwezi ujao. Hatuna ushahidi kwamba kampuni hii huuza habari hizo, wala hatuisingizii. Twasema mkataba haumkatazi.

Halafu kuna nyaya. Siku ya Jumapili tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini, na nchi yetu pamoja na jirani zetu ikakaa na intaneti ya kudokoa dokoa kwa siku kadhaa. Duka ambalo daftari lake lilikuwa ng'ambo, na mashine yake haikuweza kuuza bila kuliuliza daftari, lilifunga mlango huku chumvi imejaa rafu. Kwa hiyo mfumo wowote utakaochukuliwa, lazima mashine ya duka iendelee kuuza hata mtandao ukikatika, iandike ndani yake, na mtandao ukirudi ipeleke yote. Mafundi hulijua jambo hili na halina ghali kubwa. Wale wanaouza mifumo hulisahau kwa sababu kwao umeme haukatiki.

Je, sisi wenyewe twaweza? Kuna ndugu hulijibu swali hili kwa kucheka kabla hata halijakwisha kuulizwa, na kicheko hicho twakijua, ni cha enzi za ukoloni kimevaa suti mpya. Bohari ya Dawa na wilaya zetu zimekuwa zikifuata hesabu za dawa kwa mfumo wa eLMIS tangu miaka ya 2010, kutoka zahanati za mbali kabisa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina vijana ambao kwa miaka mingi wameutunza na kuupanua mfumo wa DHIS2 wa hesabu za afya. Tume ya Maendeleo ya Ushirika ina mfumo wake wa MUVU wa kusimamia vyama. Anayeweza kuhesabu vidonge vya malaria katika nchi nzima hawezi kuhesabu sabuni za maduka saba?

Wala hatusemi kila kitu kianze kubuniwa upya kutoka mwanzo. Kuna programu ambazo maandishi yake ya ndani yako wazi kwa kila mtu, hazina kodi ya leseni, waweza kuzichukua, kuzitia Kiswahili, na kuziweka katika seva yako. ERPNext iliyoandikwa India ni moja, nayo ina sehemu ya ghala, ya mauzo na ya uhasibu. Gharama ipo, msidanganywe na neno "bure". Seva yataka kulipiwa, fundi ataka mshahara, na nakala za akiba zataka kutunzwa kila usiku mahali pengine. Lakini mshahara huo wabaki hapa, kwa kijana wa hapa, naye akiondoka daftari halitoki naye.

Maduka saba ni machache kumlipa fundi mmoja, hilo twakubali. Basi vyama vitano vya wilaya jirani viungane, vimlipe mmoja. Na vikishaungana katika daftari, vitaona kitu kingine: vyote vyanunua sukari kwa mtu yule yule, kila kimoja kwa bei yake. Hapo ndipo mtanunua jumla kwa pamoja, jambo lililowashinda COSATA kwa kukosa taa.

Tumebakiza neno juu ya wafanyakazi. Barua moja tuliyoipata yaomba mfumo uletwe "ili makeshia wakome". Hatukupendezwa na barua hiyo. Mfumo utaonyesha keshia wa duka la tano ana upungufu wa shilingi fulani. Utaonyesha pia kwamba meneja alipunguza bei mara kumi na moja kwa jina lake mwenyewe, na kwamba mjumbe wa kamati alichukua mabati kwa mkopo mwezi wa pili na hajalipa. Kila mtu awe na neno lake la siri, kila badiliko libaki na jina na saa, na aliye juu asiweze kufuta. Kama wakubwa hawataki kuandikwa, basi wasitake keshia aandikwe. Na mali yenyewe lazima ihesabiwe kwa mkono, sehemu ndogo kila wiki, rafu hii leo na ile kesho, kwa sababu panya, mvua na mfuko uliopasuka havipiti chini ya skana. Hesabu ya mashine na hesabu ya rafu zikitofautiana, mtu aulizwe kwanza kabla ya kusimamishwa.

Kwa ndugu zetu wanaokwenda mkutanoni, maoni ya gazeti hili ni kwamba mkataba ule usitiwe sahihi. Ikiwa wajumbe wengi wataona hawawezi kungoja, basi wautie sahihi kwa mwaka mmoja tu, malipo yawe kwa shilingi, hesabu zote zitolewe kila usiku na kuletwa wilayani katika faili ambalo programu yoyote yaweza kulisoma, na kifungu cha siku 30 kiondolewe chote. Kampuni ikikataa jambo hilo la mwisho, ndugu, mtakuwa mmekwisha kujua inataka nini.

Lakini kabla ya mkutano iko kazi isiyongoja kampuni wala fundi. Funga maduka yote saba na ghala siku moja, Jumapili mchana, mhesabu kila kitu kilichomo, watu wawili wawili, mmoja akihesabu na mwingine akiandika, na asihesabu mtu duka analofanyia kazi. Yule mtunza stoo wa sukari apewe kazi ya kuzikusanya karatasi hizo nane na kuzisoma mbele ya wanachama.